Sakafu ya Nyumba ya Uthiru

Juzi nilipita Uthiru nikakuta nyumba ya nyanya imebomolewa. Mbao za sakafu zilikuwa zimerundikwa kando ya barabara, misumari ikiangalia juu. Kijana aliyezilinda akaniambia, "Madam, hii ni mbao ngumu, si kama za siku hizi. Nikuuzie?" Nikaondoka zangu. Wewe rafiki yangu nitakueleza kwa nini.

Nyanya alimzaa baba yangu. Baba alipofariki, mimi na mama tulihamia kwake kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kwenda. Ilikuwa miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuzoeleka, nami nilikuwa darasa la pili. Sakafu ya sebule, babu alikuwa ameitandika kwa mikono yake kabla ya kufa, lakini tulipofika ilikuwa imefifia na kukwaruzika. Nyanya akamwita fundi kutoka upande wa Adams Arcade. Akaipiga msasa yote mpaka vumbi likaingia kwenye sufuria za jikoni, halafu akatuwekea mikebe miwili mbele yetu.

"Hii ni vanishi," alisema. "Ikishakauka, unapanguza tu na kitambaa chenye unyevu, miaka inapita. Hii nyingine ni polishi ya nta. Inang'aa vizuri zaidi, lakini inataka mtu. Kila wiki ipakwe, isuguliwe, na maji yasiiguse, yanaacha madoa."

Nyanya hakufikiria mara mbili. Alimwonyesha mama kwa kidevu. "Nikiweka vanishi, huyu atakuwa akifanya nini hapa kwangu?"

Fundi alicheka akidhani ni mzaha. Mama naye alicheka.

Basi ikawa nta, tena nyekundu. Nitakuwa mwongo nikisema sikuzipenda Jumamosi zile. Githeri ikitokota jikoni, redio ikihubiri, harufu ya polishi ikipanda puani tamu na kali kwa pamoja. Mama alipiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, akapaka kwa kitambaa kilichokuwa shati la baba. Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya kipande cha blanketi na kuteleza kutoka ukuta hadi ukuta mpaka mbao zing'ae. Niliimba. Niliona ni mchezo.

Kisha nyanya alivaa soksi nyeupe. Alitembea polepole sebule nzima, akaketi, akainua unyayo mmoja, halafu wa pili. Soksi ikitoka na wekundu, mama alirudi magotini, akaanza upya. "Sakafu haidanganyi," nyanya alipenda kusema. Wageni walipoisifia, alijibu kwamba ameitunza mwenyewe.

Jumamosi moja ya mvua, shosho, yaani mama yake mama, alikuja kwa miguu kutoka Kangemi, alikokuwa akiuza sukuma wiki sokoni. Alibeba kikapu cha ndizi. Alilowa hadi magotini.

"Karibu," nyanya alimwambia mlangoni, "lakini kaa hapo hapo nje. Sakafu imepakwa sasa hivi, na wewe unadondosha maji."

Hakumpa kiti. Shosho aliketi kwenye ngazi, mvua ikimrushia. Nilitumwa nimpelekee chai kwenye kikombe cha plastiki, kile cha kuwapa mafundi. Mama alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, akaanza kuinuka.

"Nta ikikauka kabla ya kusuguliwa, utaanza upya," nyanya alisema.

"Malizia, mwanangu," shosho alisema. "Nitangoja."

Mama akasugua. Alipomaliza, nyanya akavaa soksi zake, akazunguka, akainua mguu. Alama ilikuwa ndogo kama kucha. "Rudia."

Shosho aliweka kikombe chini. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza. "Mwanangu, chukua mtoto twende. Chumba changu ni kidogo, lakini utaingia."

Mama alifunga nguo zetu kwenye shuka, akalitoa furushi nje, nami nikamfuata.

"Nendeni," nyanya alisema. "Lakini nyayo zenu hamtaniachia."

Nikadhani mama atamtukana. Badala yake alirudi ndani, akapiga magoti, akasugua akirudi kinyumenyume kutoka chumbani hadi mlangoni, huku machozi yakidondoka na yeye akiyafuta upesi kabla hayajaacha doa. Nilikuwa nimemshika shosho mkono.

Hatukurudi mpaka mazishi ya nyanya, nikiwa tayari sekondari. Mvua ilikuwa imenyesha tena, na waombolezaji walijaa matope. Mlangoni mama aliinama akavua kiatu. Shangazi, dada yake baba, akamzuia.

"Ingia tu na viatu. Hii ni vanishi, haina shida."

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mlipoondoka. Wiki ileile mama yangu alimwita fundi. Alisema hakuna mtu wa kusugua."

Mama aliinuka, kiatu mkononi. Kisha akaingia hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu, akapita katikati ya sebule hadi kwenye jeneza, akakaa nalo muda mrefu.

Shosho naye ameshatutoka. Pale Uthiru watajenga ghorofa, watandike vigae. Jioni ile nilimweleza mama kwamba nyumba imebomolewa. Aliendelea kuchagua mchele.

"Ile sakafu ilikuwa na baridi," akasema.