Mashine Niliyotaka Kumpelekea Mama

Kwaya yetu ya Voi ilipoalikwa Ujerumani, kila mtu aliniuliza kama ningeona theluji. Theluji ya nini? Mimi nilikuwa na hamu ya mashine ya kufulia. Ilikuwa miaka ya tisini, na mama yangu, kule Mbololo, alikuwa bado anachota maji kisimani na kufua nguo za nyumba nzima kwenye karai, mgongo ukimuuma mpaka kuinuka ni shida. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mshahara wangu wa ualimu ukikaa sawa, nitamnunulia mashine apumzike. Lakini kwanza niione ikifanya kazi. Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi majoho yetu yalipochafuka safarini, nilijitolea kuyafua kabla mwalimu wa kwaya hajamaliza kuuliza. Mwenzangu wa sauti ya pili akanifuata. Tulielekezwa kwenye chumba kando ya barabara, mashine zimepangwa ukutani, na hakuna mwenyewe! Unaingia, unatia sarafu, unajifulia, unaenda zako. Nilicheka kwa sauti. Kwetu chumba hicho kingeamkia kuta tupu.

Tukatia majoho, nikashika pakiti ya sabuni ya unga. Maji ya kisima chetu yana chumvi; povu hulioni mpaka uimwage sabuni bila huruma. Nami nikaimwaga kama nilivyolelewa.

"Dada, si hiyo ni nyingi?" mwenzangu akauliza.

"Wewe ni wa Mwanda, mmezoea maji matamu ya mlimani. Niachie mimi."

Mashine ikanguruma. Maji yakaingia yenyewe, mengi, safi, nami nikabandika uso kwenye mlango wa kioo nikapiga vigelegele. Povu likapanda, likajaza kioo chote. Sijawahi kuona povu la namna ile maishani! Raha yangu haikuwa na kipimo, mpaka lilipoanza kupenya mlangoni na kutufuata miguuni.

Bibi mmoja wa pale, aliyekuwa akikunja mashuka yake, akaja mbio akatuonyesha kwa mikono: rudieni, bila sabuni. Tukarudia. Majoho bado yanateleza. Tukarudia tena. Kila mara maji safi yaliingia, yakazunguka kidogo, yakaenda zake. Mwenzangu alicheka hadi machozi. Nami nilikuwa nacheka, kisha nikajikuta nayapima yale maji kwa mitungi ya mama: mtungi huu, na huu mwingine, na safari nyingine ya kisimani. Kicheko kikanikauka.

Majoho yalitoka yanang'aa, na jioni tuliimba tukinukia kuliko maua ya madhabahuni.

Niliporudi, mama alinikalisha jikoni kabla sijavua viatu.

"Haya mwanangu, hiyo mashine. Inafua?"

"Inafua, mama, we! Unakaa tu ukiitazama." Nikamsimulia povu, naye akacheka huku amejishika mgongo.

"Na maji, inajichotea?"

Nilitazama mitungi yake mlangoni, nikainama kuvua viatu.

Mshahara ulipokaa sawa, kitu cha kwanza kilichoshushwa kwenye lori mbele ya nyumba yake kilikuwa tangi la kukingia maji ya mvua. Mama alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akafurahi kama mtoto. Halafu akaniuliza nguo zinatiwa upande gani.