Mchanga Mweusi Ndani ya Motere

Siku yangu ya kwanza katika garaji ile ya Goma niliambiwa nisiguse kitu. Chef wa garaji, mkubwa wetu wa kazi, Mubelgiji mrefu mwenye masharubu mekundu, alinisimamisha kando ya lori lililokuwa wazi na kunionyesha mahali pa kuweka mikono: nyuma, mgongoni. "Angalia kwanza," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Nikiona umegusa, unarudi kwenu Rutshuru." Nikaangalia. Nilifikiri anataka kunifundisha kazi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananitazama mimi kuliko mimi nilivyolitazama lori.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni. Nyinyi vijana mnaoniuliza habari za turbo mnadhani ni kitu cha juzi. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye motere, yaani injini, nayo inasukuma hewa nyingi ndani ili petroli iungue kwa nguvu. Sisi katika gari ndogo hatukuwa nayo, lakini tulikuwa na ndugu yake, kompresa, iliyofanya kazi hiyohiyo ikizungushwa na mukanda wa mpira. Na huku kwetu kazi hiyo ilihitajika, maana hewa ya milimani ni nyepesi. Gari iliyokimbia vizuri kule chini, ikipanda Masisi ilikohoa kama mzee wa kifua.

Munganga, yaani daktari wa serikali, alikuwa na gari ndogo ya namna hiyo. Kila mara alipoitwa milimani kwa mama aliyeshindwa kujifungua, watu walilazimika kuisukuma gari kwenye kona. Siku moja akaja kwa chef akiwa amekasirika. "Nipe gari inayopanda," akasema, "ao nitanunua punda."

Chef akakubali. Tulitoa motere ile ndogo, tukaweka kubwa iliyotoka kwenye kamioneti ya mizigo iliyopinduka, na juu yake tukafunga kompresa. Tuliofanya kazi ni watu wawili: mimi na Amisi. Amisi alikuwa Muislamu, baba yake alitoka Maniema na biashara, na alinitangulia garajini. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Tulikata vishikio vya motere na kuvichomelea upya. Tukatia joint nene chini ya kichwa cha motere, ile karatasi ngumu inayoziba, ili mgandamizo upungue na pistoni zisipasuke. Filtre, lile chujio la hewa, haikupata nafasi chini ya kapo, kifuniko cha motere, kwa hiyo chef akachora namna ya kuiweka pembeni na kuiunganisha na karburatere kwa tiyo, bomba refu la mpira. Mimi ndiye niliyefunga kila kitu mwishoni.

Munganga alipanda Masisi akiimba. Alirudi akitoa moshi wa buluu.

Tukafungua. Kuta za silinda zilikuwa zimekwaruzwa kama zimepigwa msasa, na segma, zile pete za pistoni, zilikuwa zimekwisha. Chef akatia kidole ndani ya mafuta, akakisugua na kidole gumba, akatuonyesha. Mchanga mweusi, ule wa volkano.

Tulitengeneza upya kila kitu, gari ikaenda, ikarudi vilevile. Hapo akatuita wote uwanjani.

"Mara ya kwanza ni bahati mubaya," akasema. "Mara ya pili ni mutu."

Akapita mbele yetu mmoja mmoja. Aliponifikia akainama, akakunjua pindo la suruali yangu. Mchanga mweusi ukamwagika juu ya kiatu chake.

"Hii inatoka wapi?"

"Munigi, Bwana. Ninaishi kule. Njia yote ni muchanga."

"Na ni wewe ulifunga motere."

"Ni mimi, Bwana."

"Ikiharibika tena," akasema, "hutaongea na mimi. Utaongea na komisere wa polisi."

Tangu siku ile garaji ilibadilika. Wenzangu hawakunichukia, lakini hakuna aliyeniazima spana, na nilipokaribia mazungumzo yalikatika. Mke wangu alikung'uta suruali yangu mlangoni kila asubuhi, akageuza mifuko, akapiga viatu ukutani. Ilikuwa kazi bure. Nikifika mjini, mchanga umekwisha kurudi. "Kuna mutu anakutafutia jela," akaniambia. "Angalia yule anayekucheka sana." Lakini garajini hakuna aliyenicheka.

Kisha chef akamhamisha Amisi, akamweka meza moja na mimi. Nilipoinua kichwa, macho yake yalikuwa kwangu. Nilipokwenda chooni, naye alitoka kuvuta hewa. Sikuwa mjinga. Nilijua amewekwa anilinde kama mfungwa, na moyoni nikaanza kujiuliza: kama mchanga kweli unatiwa na mtu, na mtu huyo si mimi, basi aliyekuwa na mikono ndani ya motere ile alikuwa nani mwingine? Tulifanya kazi bega kwa bega, kila mmoja akihesabu mikono ya mwenzake. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Tulipomaliza mara ya tatu, chef alitoboa kapo, akatia kufuli kubwa, ufunguo akauweka mfukoni mwake. Aliendesha mwenyewe, munganga kando yake, wakapita Munigi na kuelekea milimani. Mimi nilibaki nikifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

Walirudi mchana. Moshi ulitangulia, buluu.

Chef alishuka akiwa mwekundu shingo nzima. Akafungua kufuli mbele yetu sote, akainua kapo, akang'oa tiyo kwenye karburatere. Mdomoni mwa karburatere kulikuwa na mchanga mweusi, laini kama unga.

Munganga ndiye aliyeuliza, polepole: "Ufunguo ulikuwa na nani?"

Chef akaangalia kufuli mkononi mwake.

"Na mimi," akasema.

Alirudisha tiyo, akaniamuru niwashe motere na kukanyaga mafuta. Nikakanyaga. Motere ile kubwa ikajipinda juu ya vishikio vyake, na Amisi, aliyekuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, akapaza sauti: "Chini, Bwana! Tiyo inapanua mudomo!"

Chef akalala kifudifudi na shati lake jeupe, akapeleka mkono chini ya tiyo. Akauacha pale kwa muda, akisikia hewa inavyomvuta kidole. Tiyo ilikuwa imesuguana na upau wa chuma hata ikachanika. Motere ikizimwa, mpasuko ulijifunga na haukuonekana. Ikivuta kwa nguvu mlimani, ulifunguka na kunywa vumbi la barabara. Kila tulipotengeneza motere tulirudisha tiyo ileile, tukiangalia watu.

Alisimama, akajipangusa. "Badilisheni tiyo," akasema, akaingia ofisini. Samahani sikuisikia siku ile wala baadaye.

Tulipokuwa tunanawa mikono kwa petroli, Amisi akasema bila kuniangalia: "Kila jioni alikuwa ananiuliza nimeona nini."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia, ninaona mutu anatumika kazi yake. Akasema nitazame vizuri zaidi, ao nami niondoke." Akajipangusa mikono. "Nilitazama, Matayo. Sikukuficha kitu, na sikukuongezea kitu."

Gari ile ilipanda Masisi miaka mingi. Walizaliwa watoto kule ambao munganga asingewafikia kwa miguu.

Mimi nilihamishwa, nikatumika Rutshuru chini ya chef mwingine, kisha Vitshumbi kwenye motere za pirogi, mitumbwi ya wavuvi, chini ya msimamizi aliyependa samaki kuliko kazi, na baada ya uhuru nikarudi Goma, nikawa mkuu wa atelye, ile karakana, ya kampuni moja ya malori karibu na Katindo. Magari nimeyasahau mengi. Kile kipindi cha kutazamwa sijakisahau. Kinaingia mwilini. Mpaka leo mtu akisimama nyuma yangu, mikono inaacha kazi yenyewe.

Siku ya kustaafu walinipa soda na maneno mazuri. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda getini. Mlinzi alikuwa kijana niliyemtafutia kazi ile mwenyewe. Akaona haya.

"Muzee, ni sheria tu, kila mufuko unafunguliwa," akasema. Akafungua mfuko, akaona shati langu la kazi juu, akataka kufunga haraka.

Nikamshika mkono.

"Hapana," nikamwambia. "Toa shati. Angalia mpaka chini."

Akaangalia mpaka chini. Ndipo nikatoka.