Limbwata na Tumbo Langu

Tumbo lilianza kuniandama mwaka uleule niliooa, na kwa mama yangu hilo lilitosha. Maumivu yalikuja bila hodi, yakanisokota karibu na kitovu kama nguo inayokamuliwa, nami nikalala kifudifudi nikiuma mto. Baada ya siku chache yakaondoka, nikarudi kwenye kazi yangu ya kushona nyavu. Kisha yakaja tena.

Pale kijijini kwetu Bodo kila mtu alikuwa na lake la kusema. Jirani mmoja alisema ni chango. Mwingine akasema minyoo, nikanywa dawa ya minyoo. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, nikalinywa kwa imani yote, nikapata nafuu, yakarejea. Mimi mwenyewe nilishikwa na udadisi kuliko hofu. Niliacha muhogo nione, nikaacha pweza, nikaacha hata pilipili, jambo lililonitesa kuliko tumbo lenyewe. Hakuna kilichobadilika.

Mama ndiye aliyelitamka neno.

"Mwanangu, umelishwa limbwata. Huyo mkeo anakutilia dawa chakulani ili akushike. Mrudishe kwao Majoreni kabla hajakuua."

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta wa makuti, akikuna nazi. Alisikia yote. Aliinuka kwenye mbuzi akaja akasimama mbele yetu.

"Basi mama, mpikie wewe. Tumbo likimshika kwa chakula chako, tutazungumza tena."

Nikala kwa mama mwezi mzima, wali na samaki wa kupaka, nikijiangalia kama mtu anayetega panya. Siku moja likanibana palepale mkekani kwake, tonge lingali mkononi. Nilitaka kucheka nikashindwa. Mama hakusema limbwata siku hiyo.

Nilidhani mke wangu angefurahi. Wapi! Alijua kwamba maadamu naumwa, nyumba yake iko hatarini. Alichukua ukili wake wa kushonea mkeka, akaketi kunikabili nikifanya kazi, akawa anatazama kila kinachoingia kinywani mwangu.

Nilikuwa natia vyubwi, vile vipande vya madini ya risasi vinavyozamisha wavu. Mikono ya mshona nyavu imejaa kamba, kwa hiyo vipande hukaa shavuni. Unatoa kimoja, unakikunjia kwenye kamba, unakiuma kwa magego mpaka kibane. Marehemu baba ndivyo alivyonifundisha. Nilipenda hata ladha yake, tamu kwa mbali.

"Tema," akasema mke wangu, akinikingia kiganja.

Nikatema.

"Hiki ndicho unachokila kila siku," akasema, "na sikipiki mimi."

Tulivipeleka vile vipande kwa daktari Msambweni. Alinifunua mdomo, akamwonyesha mke wangu mstari wa buluu kwenye ufizi. Risasi ni sumu, alisema, na huingia mwilini kidogo kidogo. Nikanunua koleo ya kubania vyubwi badala ya meno, na taratibu tumbo likanyamaza.

Nilipompelekea mama habari nilijiandaa kwa ubishi. Alivigeuza vile vipande kiganjani.

"Babako naye tumbo lilimshika hivihivi mpaka tukamzika," akasema. "Mamake alisema ni mimi niliyemlisha limbwata. Mkwe wangu huyo hakula tena chakula changu hadi alipokufa."

Jioni ile alikuja kwetu, akavua viatu, akaketi mkekani, akamwomba mke wangu sahani ya wali.