Nyota Mbili za Shangazi Mkawasi

Tarehe yake usiniulize, mwanangu, lakini siku yenyewe naikumbuka mpaka jua lilikuwa limefika wapi. Mjukuu wangu Mghoi alirudi kutoka shule amekumbatia daftari kifuani, kama mtu anayeficha doa la nguo. Alikuwa Gredi ya Nane, hapa hapa Voi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchicha. Sikumuuliza kitu. Namjua yule, akiachwa kidogo huanza mwenyewe.

Akaanza. "Nyanya, mwalimu amekataa kazi yangu."

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Mwalimu wao wa sayansi ni Mwalimu Salma, binti wa Kiislamu wa hapa mjini, mpole wa sauti lakini hashindiki. Alikuwa amegawa darasa kwa makundi, kila kundi na sayari yake. Wengine walipewa Mirihi, wengine Zohali, na kundi la Mghoi likapewa Zuhura, ile inayong'aa kuliko nyota zote. Walitakiwa wasome habari za sayari hiyo na vyombo ambavyo watu wamevituma huko, halafu kila mtoto aandike kazi yake mwenyewe. Ukurasa ulipigwa mistari ukawa na sehemu tatu. Ya kwanza, nilichoambiwa. Ya pili, nilichosoma. Ya tatu, nilichoona. Kazi nzuri zingesomwa siku ya wazazi, na mbili zingepelekwa Wundanyi kwenye maonyesho ya shule. Mghoi alitaka kwenda Wundanyi kuliko alivyotaka viatu vipya, na viatu alivyokuwa navyo vilikuwa vimefunguka mdomo.

Sasa hiyo sehemu ya kwanza, nilichoambiwa, aliyemwambia ni mimi.

Mimi kwetu ni Bura, kule juu milimani. Huko kwetu msichana akizaliwa asubuhi huitwa Wakesho, na akizaliwa usiku huitwa Wakio. Mimi ni Wakesho. Mdogo wangu alikuwa Wakio. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, tukagombana kila siku. Alikufa kwa surua kabla meno yake ya mbele hayajamaliza kuota. Mimi nilitolewa shule darasa la pili, nikawa natembea na shangazi yangu Mkawasi kupeleka mboga sokoni Mwatate. Tulikuwa wanawake saba njiani: Shangazi Mkawasi, Mkamburi, Mshai, Mama Mwadime, Wawuda mrefu, Wawuda wa kisima, na mimi mtoto wao wa kubeba vitunguu. Hayo majina si lazima uyashike, ni mimi tu siwezi kuwaacha nje.

Tuliondoka nyota ya asubuhi ikiwa juu. Mimi nililia njia nzima kwa sababu ya mdogo wangu. Siku moja Shangazi Mkawasi akachoka na kilio changu, akaniambia, "Tazama pale. Ile ya asubuhi ni wewe, Wakesho. Ya jioni ni Wakio. Mmoja anaamsha watu, mwingine anawarudisha nyumbani. Sasa nyamaza, unamwaga vitunguu." Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nilijua nyota ni mbili, na mojawapo ni mdogo wangu. Nikawafundisha hivyo wanangu wote, na Mghoi naye.

Basi Mghoi aliandika vile vile nilivyomwambia, kwamba hiyo Zuhura yao ni nyota mbili. Sehemu ya kwanza ilijaa. Zile mbili alikuwa ameziacha tupu, na Mwalimu Salma akaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Soma. Angalia. Kisha uniletee."

Nilikasirika, mwanangu. Nikamwuliza Mghoi, "Hicho kitabu kimewahi kubeba vitunguu mpaka Mwatate alfajiri?"

"Hapana, Nyanya."

"Basi kitamfundisha nani habari za nyota ya asubuhi? Acha hivyo hivyo ulivyoandika."

"Sawa, Nyanya," akasema. Alisema haraka sana. Ningekuwa na akili siku ile, ningesikia ile haraka.

Kesho yake nikajifunga leso yangu nzuri nikaenda shuleni, njia nzima napanga maneno. Watoto walikuwa kwenye mapumziko. Msichana mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Nyanya ya Mghoi amekuja kupigania Zuhura." Mwenzake akajibu, "Ticha atapelekwa Zuhura leo leo." Wakacheka. Mimi nilinyoosha shingo nikapita.

Mwalimu Salma alinitolea kiti mwenyewe. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemwambia mtoto wangu kwamba mimi ni mwongo?"

"Sikusema hivyo, bibi, wala sitasema. Nimependa sana hayo majina. Ila nina swali, kama utanivumilia. Hao ndugu wawili, umewahi kuwaona wote siku moja? Mmoja alfajiri, na mwingine jioni yake?"

Nikafungua mdomo kujibu ndiyo. Halafu nikaufunga. Nikamwambia, "Wakio akiwa haonekani, huwa amekwenda kwa mumewe. Ndivyo Shangazi alivyotuambia."

"Na Wakesho asipoonekana?"

"Naye amekwenda kwa mumewe."

"Ikawa kila mmoja akirudi, mwingine yuko safarini?"

Yeye hakucheka wala hakunibana. Akasema, "Sikumwambia Mghoi aandike moja, na sikumwambia aandike mbili. Nimemwambia atazame. Nafasi yake nitamwekea mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya siku ya wazazi. Ila bibi, nakuomba, mtazamie mlangoni tu, msitoke nje ya ua. Ndovu wameanza tena kuja huku kwetu."

Nilirudi nyumbani polepole. Mimi elimu sina, lakini kichwa changu hakiachi kitu. Nikaanza kupita miaka yangu mmoja mmoja. Nilipoolewa kuja Voi, ilikuwa ya jioni. Nilipomzaa Mwamburi, baba yake Mghoi, ilikuwa ya asubuhi, na ya jioni haikuwepo, nakumbuka niliitafuta. Mwaka ule wa njaa, ya jioni peke yake. Nikapekua maisha yangu yote, sikupata siku hata moja niliyowaona wote wawili. Miaka yote hiyo kitu kiko mbele ya macho yangu, na sikukiona kwa sababu nilishapewa jibu. Nilipoambiwa "amekwenda kwa mumewe," niliacha kutazama.

Nilimwita Mghoi nikamwambia, "Lete daftari. Kuanzia leo tunatazama mimi na wewe, na hicho kitabu usome."

Nilidhani atafurahi. Akaanza kulia. Akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha shule alichokuwa amekificha chini ya godoro. Kumbe alishakisoma chote, wiki ile ile ya kwanza.

"Kinasema nini?"

"Kinasema ni moja, Nyanya. Ile ya asubuhi na ile ya jioni ni sayari moja."

"Na mbona hukuandika?"

Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nikiandika ni moja, Wakio ataenda wapi?"

Mtoto alikuwa tayari kupewa sufuri, tayari kukosa Wundanyi, aandike kitu anachojua si kweli, ili mimi mtu mzima nisipoteze nyota ya mdogo wangu. Na niliyemfunga mdomo ni mimi, na vitunguu vyangu vya Mwatate. Nilimvuta nikamwambia, "Wakio alikufa nikiwa mdogo kuliko wewe. Hakuna kalamu itakayomuua tena. Wewe andika."

Tukaanza kutazama. Jioni nyota ilikuwa bado iko upande wa milima ya kwetu, kule jua linakotua, lakini kila baada ya siku chache inashuka, kama mtu anayeteremka ngazi. Mghoi anaandika. Halafu jioni moja hatukuiona tena. Akaandika: haionekani. Nikaogopa, kwa kuwa Ijumaa ya mwalimu ilikuwa inakaribia.

Katika kungoja huko ndipo aliponisomea kitabu. Akawasha jiko la makaa akaliweka katikati ya chumba, akasema hilo ndilo jua. Akachukua ndimu, akasema hii ni Zuhura. Akanizungusha mimi kwa mbali, akasema mimi ndiye dunia, nikamwambia dunia ina magoti mabaya. Ndimu inazunguka karibu na jiko kuliko mimi. Ikiwa upande huu wa jiko, naiona jioni. Ikipita katikati yangu na jiko, mwanga wa jiko unaifunika. Ikitokea upande wa pili, naiona asubuhi. Hapo nikakaa chini. Siyo kwa sababu ya magoti, ni kwa kuwa nilikuwa nimeelewa.

Akanisomea pia kwamba zamani wenye elimu walifikiri chini ya yale mawingu ya Zuhura kuna mabwawa na misitu. Wakatuma chombo, hakina mtu ndani. Wakakuta joto la kuyeyusha risasi, na hewa nzito inayoponda chuma. Chombo kilichotua huko kilipiga picha kidogo, kikatuma habari, kikafa.

"Wakafanya nini?"

"Wakatuma kingine, Nyanya."

"Na yale waliyoandika ya mabwawa?"

"Wakaandika upya."

Nilipenda sana neno hilo. Watu wenye vyombo vya kufika huko juu nao walikosea nyota hii hii, na hawakuona haya kuandika upya. Nikajiona nina wenzangu.

Asubuhi tulikuwa tunaamka kabla hakujapambazuka, tunafungua nusu ya mlango, tunasikiliza kwanza kama kuna tawi linavunjwa na ndovu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu mawingu. Jumatano mawingu tena, na Mghoi akaanza kusema basi, Wundanyi wataenda wengine. Alhamisi magoti yalinishinda, nikabaki kitandani. Akaja kunitikisa bega.

"Nyanya, amka. Kuna kitu upande wa Maungu."

Nilitoka nikishika ukuta. Ilikuwa pale, chini chini, upande jua linakotoka, nyeupe kama kitu kilichooshwa. Tulisimama tu. Jioni yake tukatazama upande wa milima mpaka giza likaingia sawasawa, na hapakuwa na kitu. Mghoi akakaa mezani akajaza sehemu ya tatu. Ijumaa akampelekea mwalimu wake.

Siku ya wazazi aliisoma mbele ya watu, na viatu vyake vile vile. Hakumficha mtu. Alisoma kwamba ameambiwa na nyanya yake majina mawili, Wakesho na Wakio, na kwa nini. Akasoma kitabu kinavyosema. Akasoma alichoona kwa macho yake, tarehe kwa tarehe, pamoja na zile siku za "haionekani." Mwalimu Salma alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akajifanya ni vumbi. Wundanyi Mghoi alikwenda. Hakushika namba, aliyeshika ni mtoto mmoja wa Taveta aliyekuwa na habari za Mshtarii. Lakini alirudi na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo, na sasa ananiuliza mimi kama mwezi wa kwetu Bura ulikuwa na duara la mwanga kabla ya mvua.

Kuhusu mdogo wangu, usinionee huruma. Shangazi Mkawasi alinipa kitu cha kuninyamazisha kilio, na kilininyamazisha, na mpaka leo namwombea kwa hilo. Nilidhani nitanyang'anywa. Badala yake nimeambiwa kwamba mimi na Wakio tulipewa mwanga mmoja, kama tulivyolala kitanda kimoja. Nashukuru Mungu sikuzeeka bila kulijua hilo. Namshukuru Mwalimu Salma aliyenipa swali badala ya kunipa aibu. Namshukuru zaidi huyu mtoto.

Sasa nikuambie wewe, mwanangu, unayekaa shuleni na daftari lako. Sisi wazee tukikuambia jambo, lipokee kwa mikono miwili, liandike na jina la aliyekuambia. Halafu nenda kasome. Halafu nenda ukatazame. Vikipingana, usifiche kimoja ili umfurahishe mtu, hata kama mtu huyo anakupikia. Rudi kwake umwulize kwa adabu. Akikasirika, mpe siku mbili tatu, ataanza kuhesabu kichwani mwake, kama mimi. Kuniuliza si kunidharau. Mghoi aliponificha kwa upendo aliniacha gizani, na aliponiambia kweli tuliamka pamoja. Na jibu lolote likikufanya uache kutazama, hata liwe tamu namna gani, litilie shaka.

Mungu akulinde shuleni na njiani, akupe walimu wenye subira na vitabu visivyokosa kurasa. Akupe maisha marefu, uwapakate wajukuu wako, na siku wakikuuliza jambo usilolijua vizuri, akupe moyo wa kusema mbele yao, "Hapo nilikosea, hebu tutazame." Amina.