Kipupwe cha Ipililo

Nilipokuwa mtoto kijijini Ipililo, mwezi Juni ulikuwa na harufu yake: moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa viwe michembe, na samli. Samli ndiyo ilikuwa dawa yetu ya baridi. Upepo wa kipupwe ulitupasua midomo na visigino, na kila asubuhi mama alikaa na kibuyu karibu na moto akingoja samli iyeyuke, kwa sababu usiku ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama sabuni. Kisha alitupaka, mmoja baada ya mwingine, huku tukijikunja na kulia kwamba mikono yake ilikuwa ya baridi. Tulikwenda shuleni tunang'aa uso mzima.

Ukungu ulilala mbugani mpaka jua lipande. Ng'ombe walitoka zizini wakitoa mvuke puani, na kaka yangu alipenda kusimama katikati yao kwa sababu palikuwa na joto kuliko ndani ya nyumba. Baba alivaa koti lake zito alfajiri na hakulivua hadi saa nne. Hatukuwa na kipimajoto. Hatukujua kama tulikuwa na nyuzijoto kumi na tano au ishirini. Tulijua tu kwamba baridi ilikuwa sehemu ya mwaka, ikija baada ya mavuno na kuondoka kabla ya upepo wa vumbi, na hakuna aliyewaza kwamba ingeweza kukosa kuja.

Baadaye nilisoma, nikawa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Bariadi. Somo la hali ya hewa ndilo nililolipenda kuliko yote. Niliwafundisha wanafunzi kwamba huwezi kusema mwezi fulani ni wa moto bila kusema ni wa moto kuliko nini. Unachukua miezi ya Oktoba ya miaka thelathini, unaijumlisha na kuigawanya, unapata Oktoba ya kawaida. Halafu Oktoba ya mwaka huu unailinganisha na hiyo. Kilichozidi au kupungua ndiyo tofauti na wastani wa muda mrefu. Wanafunzi waliandika haraka haraka, kisha mmoja akauliza kinachoulizwa kila mwaka:

"Mwalimu, wanasema dunia imepanda nyuzi moja na kidogo. Sasa nyuzi moja ni nini? Si hata huisikii?"

Niliwaambia wafikirie mwili wa mtu. Ukipanda nyuzi moja unakosa hamu ya kula. Ukipanda mbili umelala kitandani. Walicheka, wakaanza kugusana mapaji ya uso. Lakini nilipowauliza nani anakumbuka asubuhi ya baridi kali, aliyoamka hataki kutoka kwenye blanketi, walitazamana. Wawili watatu waliotoka kijiji cha Kimali waliinua mikono, kisha wakaishusha wakionekana kutokuwa na uhakika. Nikagundua kwamba neno kipupwe kwao lilikuwa la kitabuni, kama theluji.

Baba alikuwa ameshafariki wakati huo. Kaka yangu na mimi tulikubaliana kumjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati. Kila mtu pale kijijini aliyekuwa na watoto wenye kazi alikuwa anajengewa, na mama alitamani sana. Siku ya kuhamia alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Aliingia chumba kimoja akatoka, akaingia kingine, akagonga ukuta kwa kiganja.

"Hii haitavuja," alisema. "Hii hata mvua ya mawe haina la kufanya."

Kweli haikuvuja. Kwa miaka kadhaa ilikuwa fahari yake.

Kisha ukaja Oktoba mmoja uliokuwa mkali. Pamba ilikuwa imeshauzwa, mashamba yalikuwa meusi na yenye nyufa, na redio kila jioni ilitangaza kwamba joto lilikuwa juu ya wastani, hapa kwetu na karibu kila mahali duniani. Nilikwenda Ipililo Jumamosi moja, nikafika mchana. Nyumba ya bati ilikuwa imefungwa. Mke wa kaka yangu alikuwa anapepeta mtama kivulini.

"Mama yuko wapi, shemeji?"

Alinyoosha mdomo kuelekea nyuma ya nyumba. "Jikoni. Siku hizi anaishi huko."

Jiko la zamani lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, kilichobaki tangu enzi za baba. Nilikuta mama ametandika mkeka wake kando ya mafiga, na nguo zake zimetundikwa kwenye mti wa paa.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibu, kaa hapo, usiguse ukuta, una masizi."

Nilikaa. Kulikuwa na ubaridi mle ndani. Nilimuuliza kama nyumba ilikuwa na kasoro.

"Nyumba yako ni nzuri, mwanangu. Tatizo si nyumba. Tatizo ni mchana. Jua likipiga lile bati, linabaki na moto wake hata jua likishazama. Nalala kama niko ndani ya sufuria." Akacheka kidogo. "Zamani tusingejua. Zamani bati lingetufaa."

Akanikumbusha jinsi baba alivyokuwa akilalamikia baridi ya Juni, na jinsi yeye alivyokuwa akimjibu kwamba mwanaume mwenye koti hana haki ya kulalamika. Tulikaa tukizungumza mambo hayo mpaka jua lilipoegama. Kisha redio yake ndogo ikatangaza tena lile la wastani, naye akaniuliza maana yake. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza kwa makini.

"Na mwaka ambao nilimzaa kaka yako, ule wa baridi iliyoua ndama, nao umo kwenye hesabu?"

Nilifikiri kidogo. "Haumo tena, mayu. Kila baada ya miaka kumi wanasogeza hesabu mbele. Miaka ya nyuma inatoka, ya karibuni inaingia."

"Basi," alisema, "hata kwenye hesabu baridi yetu imeondoka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeambiwa kwamba jirani yake wa zamani amehama. Lakini mimi maneno hayo nilirudi nayo Bariadi, na kwa siku nyingi niliposimama ubaoni nilishindwa kuandika neno "kawaida" bila kusita.

Wiki chache baadaye ulikuja upepo mkubwa wa kutangulia mvua. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za lile jiko, nalo likainama upande mmoja kama mzee anayesinzia. Kaka alilibomoa kabla halijamwangukia mtu. Mvua yenyewe haikuja. Mama akarudi kwenye nyumba ya bati, na joto likaendelea.

Siku chache baadaye shemeji alinipigia simu. Mama alikuwa ameingia ndani mchana kupumzika, na shemeji alipokwenda kumwamsha alimkuta ngozi imekauka, inachoma, anaongea maneno yasiyoeleweka. Alikuwa akimwita mama yake mzazi, bibi yetu, aliyefariki mimi sijazaliwa. Walimmwagia maji, wakampepea kwa kanga, wakampakia kwenye gari la jirani hadi hospitali.

Nilimkuta amelazwa, ametundikiwa dripu. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliniita pembeni.

"Malaria hana. Presha si mbaya. Analala wapi?"

"Kwenye nyumba ya bati."

"Ina dari?"

"Haina."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi mwezi huo. Alisema umri wa mama haumruhusu tena kuvumilia joto la namna ile, na kwamba wodi ilikuwa na wazee wengine wa hivyo hivyo. Nilirudi kitandani nikashika mkono wa mama. Ulikuwa bado una moto. Nikakumbuka wanafunzi wangu wakigusana mapaji ya uso, nikainamisha kichwa ili asione machozi.

Alipona. Nilimchukua akae nami Bariadi hadi mvua zilipotulia, lakini mjini hakukumpendeza. Alilalamika kwamba majirani wanasalimia wakiwa wanatembea, na kwamba maziwa ya pakiti hayana harufu ya ng'ombe. Siku moja tukiwa tunakula aliweka tonge chini.

"Nataka kwenda nyumbani. Ila nijengeeni nyumba ya nyasi."

Kaka hakupenda. Kwenye simu aliniuliza watu watasema nini, watoto wa mama wanamtoa kwenye bati na kumrudisha kwenye nyasi. Nilimwambia watu waseme. Ndipo akauliza, "Nyasi zenyewe ziko wapi?"

Hapo alikuwa amegusa penyewe. Mbuga tulizokata nyasi utotoni zote zilikuwa zimelimwa pamba. Mama ndiye aliyemkumbuka mdogo wake, mjomba wetu, aliyeishi Lingeka kule Meatu na aliyekuwa bado ana ngitili, ile sehemu ya malisho inayofungwa ng'ombe wasiingie hadi kiangazi. Julai tulimfuata. Mjomba alicheka sana aliposikia tulichotaka, kisha akaita vijana wake na wote tukaingia kukata. Nilikuwa sijashika mundu tangu nisome. Mikono ilinitoka malengelenge, na mjomba aliniambia niandikie wanafunzi wangu kwamba jiografia inauma. Fuso lililokuwa likizunguka vijijini kukusanya pamba lilitubebea mzigo, nyasi zikining'inia pande zote.

Kujenga kulichukua sehemu kubwa ya likizo yangu. Wapita njia walisimama. Mmoja alimuuliza kaka kwa sauti kama mwalimu amefilisika. Kaka, ambaye nilitegemea aone aibu, alimjibu, "Njoo mchana ukae ndani, halafu uulize tena." Tulipomaliza mama aliingia, na safari hii hakupiga vigelegele. Alilala palepale kwenye mkeka, mchana kweupe, na alilala hadi jioni. Kaka alikuja kuchungulia, akaondoka kwa kunyata.

Juni iliyofuata nilipeleka familia yangu Ipililo. Asubuhi moja mama alinigongea mlango wa nyumba ya bati nilikokuwa nimelala.

"Toka," alisema. "Toka haraka."

Niliogopa, nikatoka peku. Alikuwa amejifunga blanketi hadi kichwani, anatabasamu. Ukungu ulikuwa umefunika mbuga yote, ng'ombe wakionekana migongo tu. Pumzi yangu ilitoka nyeupe. Nilisimama pale miguu ikiuma kwa umande, nikajisikia mtoto. Sasa najua kilikuwa nini: siku kadhaa za upepo wa kusini, chini ya wastani kwa nyuzi chache, kitu ambacho bado hutokea hata dunia ikizidi kuwa na joto. Lakini pale sikuwa mwalimu. Binti yangu alitoka akitetemeka, akalia kwamba vidole vyake vimekufa.

"Ndicho chenyewe hiki?" aliniuliza. "Kipupwe?"

"Ndicho," mama alimjibu, akamfunika ndani ya blanketi lake. "Mkiambiwa tulikuwa nacho, msibishe."

Kilikaa siku chache, kikaondoka. Mchana ulirudi kuwa mkali, na bati likaanza tena kulia lilipopanuka. Siku ya safari yetu ya kurudi Bariadi alikuja mwanamke mmoja mjane anayekaa upande wa kisimani. Alizunguka nyumba ya nyasi mara mbili, akaingiza mkono chini ya paa kupima unene, akauliza nyasi tulizitoa wapi. Mama alichukua fimbo yake akaenda naye, aone kwanza ni mahali gani anataka kujenga. Tulipopita na gari niliwaona wamesimama uwanjani kwa yule mjane, wakibishana kuhusu mwinuko wa paa, na hakuna aliyegeuka kutupungia.