Kuku Mwekundu

Leo nimefungua gunia la mahindi, nikapigwa na harufu tamu ya uvundo, kama shuka lililokunjwa kabla ya kukauka. Nikajikuta tena utotoni, jikoni kwa susu, nyanya yetu.

Mahindi ya msimu ule yalinyeshewa yakianikwa. Susu aliyatwanga ili apike muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, lakini akaona vumbi la kijani kwenye punje, akasita.

"Susu, tumpe kuku kwanza," nikasema. "Akikufa, tutamwaga."

Tukamfunika kuku mwekundu kwa kikapu na kumtupia konzi moja ya mahindi yale. Asubuhi alitoka akichakura kama kawaida.

"Huyu mtoto ako na akili ya daktari!" susu akacheka, akabandika sufuria.

Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo. Mdogo wangu alipokataa kula, nilimlisha mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, nikimwambia asiogope, nimeshapima.

Tulikula muthokoi ule wiki nzima. Kisha macho ya mdogo wangu yakageuka manjano, na tumbo likafura.

Watu walipojaa kwa matanga yake, susu alinituma nikashike kuku wa kuchinja. Nikamshika yule mwekundu. Alikuwa amenona.