Chai Aliyoikataa Mbah Sumi

Tarehe mbili Machi mwaka huu tulimpoteza Mbah Sumi, na pamoja naye ikapotea harufu ya kerupuk zikikaangwa. Ni vipande vyembamba vya unga wa muhogo na uduvi. Ukivitia kwenye mafuta ya moto vinavimba ghafla na kulia kama mvua juu ya bati. Harufu yake ilipanda ngazi zote za jengo letu kule Temple Hills, Marekani, ikaingia hata kwenye makoti kabatini. Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amepata kazi ya kumtunza Mbah, mjane Mwindonesia wa ghorofa ya chini aliyevunjika nyonga, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nilishinda naye huko. Mbah ni nyanya kwa lugha ya kwao Java. Mimi aliniita nduk, yaani binti.

Siku ya kwanza mama alinituma nimpelekee chai. Sisi ni watu wa Busia, na kwetu msichana akimpa mkubwa kitu hupiga goti. Nikapiga goti pale kwenye zulia, kikombe mikononi, nikiringia adabu zangu. Mbah aliponiona, uso ukambadilika. "Simama!" akafoka. "Toka huko chini!" Akageukia ukutani, chai asiiguse. Mama akanivuta jikoni.

"Umemfanya nini mama wa watu?"

"Nimempigia goti tu."

"Goti? Mtu anakasirikia goti?"

Mtunzaji aliyemtangulia mama alikuwa ameondolewa kwa simu moja tu ya Mbah kwenda ofisi iliyowaajiri, na mama alikuwa ametafuta kazi kwa miezi. Alisimama pale akiitazama simu ya ukutani kama mtu aliyeona nyoka.

Simu haikuinuliwa. Mbah alituita sote wawili, akatusimulia kwa Kiingereza chake cha polepole habari za kwao Wonosobo, wilaya ya milimani yenye ukungu na mashamba ya chai. Enzi za Waholanzi, mkuu wa wilaya, waliyemwita bupati, alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na kando yake alikaa ofisa Mholanzi. Baba yake Mbah alikuwa mtumishi wao wa chai. Hakuruhusiwa kusimama mbele yao. Alichuchumaa tangu mlangoni, akasogea hivyo hivyo na sinia lake, huku Mbah mtoto akichungulia kutoka uani. Wakaja Wajapani, na njaa ikaja nao. Kisha uhuru ukatangazwa, Waholanzi wakarudi na bunduki, watu wakapigana miaka. Walipoondoka kabisa, bupati mpya akamwambia baba yake Mbah alete chai kwa miguu yake.

"Akaja amesimama," Mbah akasema, "akamwaga nusu! Hakujua kubeba sinia akiwa wima!" Akacheka hadi akashika nyonga. "Humu ndani hakuna mtu wa chini. Lete nyingine."

Nikaileta nimenyooka kama askari, na nusu ikaishia kwenye kisahani.

"Kama baba kabisa," akasema, akainywa yote. Mama akashusha pumzi. Kazi ile alidumu nayo mpaka nikamaliza shule.

Agosti kumi na saba, siku yao ya uhuru, Mbah alitutundikia kerupuk kwa nyuzi kwenye maegesho, tukashindana kuzila mikono ikiwa mgongoni. Yeye alikuwa mwamuzi, kwenye kiti cha magurudumu. Mama aliwashinda watoto wote. "Mama Busia, hayo meno ni ya mamba!" Mbah akampigia kelele.

Mwaka huu mwanawe alitualika uani kwake Herndon kwa michezo ile ile. Kerupuk zilikuwa za pakiti, na watoto walijipiga picha kwanza ndipo wakazing'ata. Binti yangu aliuliza kwa Kiingereza ni uhuru wa nani. Hata mimi zamani sikujua, na mpaka Mbah aliponisimulia, sikuwa nimewahi kumwuliza mama yangu jinsi wazee wetu wa Busia walivyowapelekea Waingereza chai. Picha ya Mbah ilikuwa juu ya meza. Mama, magoti yake sasa yakimsumbua, alichukua kikombe cha chai, akashika kiti, akaanza kujishusha taratibu mbele ya picha. Nikamdaka kiwiko.

"Mama, atakufokea."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Kweli, huyo angenifukuza." Akanyoosha mgongo, akaiweka chai mezani akiwa amesimama, na kidogo ikamwagika.